Matone Sita ya Runze

Duo hakujua kusoma, lakini herufi mbili alizijua. Ziliandikwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyekundu iliyopauka mpaka ikawa na rangi ya tofali kuukuu. Kila moja ilikuwa na matone matatu ya maji ubavuni mwake, upande wa kushoto: tone juu, tone katikati, na la tatu likiruka kwenda juu kana kwamba limegonga jiwe. Matone matatu na matatu, sita. Hakuhitaji mwalimu wa kumhesabia.

Mwaka aliozaliwa, mvua ilikataa kabisa kunyesha Shigou. Mtama ulinyaukia shambani kabla haujafika magotini mwa mtu. Baba yake, mzee Qiu, alifunga mayai kumi kwenye kitambaa akapanda kilima hadi kwa mwalimu mzee Shang, ambaye ndiye aliyewapa watu wa huko majina ya watoto wao. Mwalimu akauliza saa, siku, mwezi na mwaka wa mtoto, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. Mtoto ana moto, akasema, ana udongo wa kutosha, ila maji hana hata tone. Asipopewa maji kwenye jina, maisha yake yote atakuwa na kiu.

Akasaga wino, akafikiri kwa muda wa kikombe kizima cha chai, kisha akaandika. Run, mvua inayoingia ardhini taratibu mpaka kwenye mizizi. Ze, bwawa ambalo kila mmoja huchota na halikauki. Qiu Runze.

"Jina hili ni zito," mwalimu alimwonya baba. "Mtoto wa kike ukimpa, watu watacheka."

"Wacheke," baba akasema.

Basi kwa miaka sita Duo aliitwa Runze. Hilo watu wa Shigou wamelisahau, au wanajifanya wamelisahau.

Alipotimiza miaka sita akazaliwa mtoto wa kiume. Kalikuwa katoto kakavu, kanakataa ziwa, kanalia mchana kutwa. Bibi akamwita mpiga ramli kutoka kijiji cha pili. Mpiga ramli akala mabakuli mawili ya tambi, akasema: huyu naye hana maji.

"Maji yamo humu ndani," bibi akasema. "Tena tunamtunzia nani? Huyu msichana kesho kutwa anaolewa, anaondoka nayo, anakwenda kuwamwagilia watu wengine mashamba yao. Mwondoleeni. Mpeni mwenye nyumba."

Baba aliyesema wacheke safari hii hakusema kitu. Aliangalia viatu vyake. Duo alimkumbuka hivyo mpaka uzeeni, anaangalia viatu vyake, na kimoja kilikuwa kimetoboka kidoleni.

Jina likahamishwa siku hiyo hiyo, kama mtu anavyohamisha blanketi kutoka kitanda hiki hadi kile. Ila hakuna aliyekaa na mtoto wa miaka sita akamweleza. Asubuhi mama akaita, "Runze! Njoo, mwanangu, unyonye!" na Duo, aliyekuwa uani anacheza na kokwa za tende, akaja mbio. Watu wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Mkubwa mzima huyo, kaja kunyonya! Mara ya pili bibi hakucheka, alimchapa na ufagio wa mtama. Mara ya tatu vilevile. Ilimchukua msichana siku nyingi za kuchapwa mpaka miguu yake ikajifunza kutokwenda. Na katika siku hizo hakuwa na jina lolote, aliitwa "we". Baadaye wakamwita Duo, maana yake wa ziada, na karani wa serikali alipokuja kuandika watu kwenye daftari la kaya, ndivyo alivyoandika.

Kisima cha Shigou kilikuwa chini kabisa ya bonde. Duo alishuka na kupanda na ndoo mbili begani, mara tatu kwa siku, na kwa miaka miwili ya mwanzo ndugu yake alikuwa mgongoni. Mtoto alipofikisha miaka saba akapelekwa shule. Duo akabaki na ndoo. Aliyeitwa maji alikaa darasani, na aliyeyabeba hakuitwa.

Akaolewa na Xue Mancang wa ng'ambo ya bonde, mchimba makaa, mtu wa maneno machache. Mama alipokuwa anakufa alimwita Duo peke yake, akatia mkono ndani ya mto wa pumba anaolalia, akatoa ile karatasi nyekundu. "Nilimwambia bibi yako nimeichoma," akasema.

Majira ya baridi ya mwaka huo alimwonyesha Mancang. Mancang alikuwa amesoma madarasa mawili tu, ila herufi hizo aliweza kuzisoma. Akazitazama muda mrefu, na vumbi la makaa limemjaa kwenye mikunjo ya macho. "Runze," akasema. "Chai imepoa, Runze." Tangu siku hiyo, wakiwa wawili tu, alimwita hivyo. Mbele ya watu aliita "mama watoto" kama wanaume wote. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtu pekee duniani aliyemwita mkewe kwa jina lake, kisha mapafu yakamshinda.

Mwaka wa tatu baada ya kifo ndipo jiwe husimamishwa. Jina la mume huchongwa na kutiwa rangi nyeusi, na pembeni yake la mke, jekundu, kwa sababu bado yu hai. Siku akifa naye, mtu anakuja na kopo la rangi nyeusi, kazi imekwisha. Kwa hiyo mwezi wa pili, wiki kadhaa kabla ya siku ya kuzuru makaburi, Duo aliweka karatasi kifuani, akatembea hadi kwa Kang, fundi wa mawe.

Kang alikuwa mtu wa mizaha, mwenye vumbi jeupe hadi kwenye kope. Alifungua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Shemeji, hili si la mwalimu mkuu? Nduguyo?"

"Nani alikuwa nalo kwanza? Tazama hiyo karatasi ina umri gani."

"Ina umri mkubwa kuliko meno yangu." Akaigeuza. "Na mwandiko wa mzee Shang naujua, nimechonga jiwe lake mwenyewe. Lakini kwenye daftari wewe ni Duo."

"Mimi nalala na daftari? Mimi nitalala na Mancang. Mancang hamjui Duo yeyote."

Kang akamtazama, mzaha ukamtoka kidogo usoni. "Haya. Mimi nachonga ninacholetewa. Kuna tajiri mmoja alinichongesha jina la mbwa wake, nikachonga. Ila nduguyo akija kunipigia kelele, namleta kwako."

"Mlete."

Siku ya tatu alirudi kutazama. Jiwe lilikuwa limelazwa juu ya magogo mawili. Rangi nyekundu ilikuwa mbichi bado, akaogopa kuigusa, akapitisha kidole pembeni yake tu. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Kang alikuwa anakula mkate na kitunguu, akajifanya hamwoni.

Hazikupita siku tano pikipiki ikalia uani kwa Duo. Qiu Runze alishuka na mkebe wa mapichi ya sukari na kifurushi cha maziwa ya unga. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, mkuu wa shule ya tarafa. Akavua viatu, akapanda kitandani karibu na jiko, akakunja miguu kama alivyokaa tangu mdogo, wa kushoto juu ya wa kulia.

"Dada," akasema, "unanizika?"

"Nimekutia rangi nyekundu. Nyekundu ni ya walio hai. Wewe msomi huyajui hayo?"

"Jina langu limechongwa kwenye jiwe la kaburi, ubavuni mwa la shemeji yangu! Walimu wangu wamelisikia. Mke wangu halali. Daktari ameniambia moyo wangu si mzuri, na mke wangu sasa anasema ni hilo jiwe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi? Mimi nafundisha watoto wasiamini ushirikina. Jina ni karatasi na wino tu, Dada. Siamini hayo mambo."

"Kama ni karatasi na wino tu, niachie mimi."

Ndugu yake akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Kisha akachomoa kalamu, akageuza jani la kalenda iliyokuwa ukutani, na sauti yake ikawa ile ya darasani. "Sikiliza. Nitakutafutia jina zuri. Herufi ni nyingi mno, elfu na elfu. Tazama hii. Shu. Mwanamke mpole."

"Mimi si mpole. Ina maji?"

"Hii... ndiyo, hii ina maji. Shu ina maji. Umeona? Matone matatu."

"Ya mwanamke mpole sitaki. Nyingine."

"Xian. Mwema, mwenye hekima nyumbani."

"Ina maji?"

"Haina. Dada, si lazima..."

"Ya machozi ina maji?"

Kalamu ikasimama. "Ina," akasema. "Maji, na jicho kando yake."

"Basi hiyo ninayo tayari, huna haja ya kuniandikia."

Chungu cha uji wa mtama kikaanza kuchemka na kumwagika, Duo akanyanyuka kukitoa. Alipokuwa amempa mgongo ikawa rahisi kusema.

"Sikia, Runze." Lilimwuma ulimini, kama siku zote. "Sitaki ubadilishe karatasi zako. Sitaki uache kuitwa hivyo. Mimi nitamwambia Kang afute, leo hii hii. Wewe simama tu pale kwenye uwanja wake wa kazi, mbele ya watu, sema jina lilikuwa la dada yangu, nikapewa mimi. Basi. Neno moja tu."

"Hapa nasema. Lilikuwa lako. Nimesema."

"Hapa tumo wawili na chungu."

"Nina watoto mia nne pale shuleni. Nina walimu. Niwaambie mkuu wenu anatumia jina la kuazima?"

"La kuiba."

"Nilikuwa na siku tisa, Dada! Mtoto wa siku tisa anaiba nini?"

Hilo lilikuwa kweli, na Duo alichukia kwamba lilikuwa kweli. "Siku tisa huna kosa," akasema. "Ila tangu hapo siku ngapi zimepita? Ulikuwa unajua. Ulisikia wakisimulia nilivyokuja mbio ulipoitwa. Ukakua ukawa na wewe unacheka."

Ndugu yake akavaa viatu. Mapichi na maziwa akayaacha juu ya kabati. Nje pikipiki ikawaka.

Baada ya hapo kukawa kimya. Duo alidhani ameshinda. Mwanawe, Shuanzhu, aliyekuwa mpishi, alikuja mwishoni mwa juma akamkatia kuni nyingi kupita kiasi, akaziba ufa wa dirisha ambao alikuwa ameombwa auzibe tangu mwaka juzi. Mama alimtania, "Leo jua limetokea wapi?" Shuanzhu akacheka bila kuinua uso.

Siku ya kuzuru makaburi kulikuwa na manyunyu, kama kawaida ya siku hiyo. Wanaume wanane walilipandisha jiwe kilimani kwa kamba na miti. Lilikuwa limefunikwa kitambaa chekundu. Runze naye alikuja na mke wake, kwa kuwa ni ndugu wa mfiwa na asingekuja watu wangeuliza. Mke alibaki chini barabarani, karibu na gari la kukodi, akasema udongo unateleza.

Wakalisimamisha, wakashindilia, wakavuta kitambaa. Watu wakasema jiwe zuri, Mancang hajawahi kuwa na nyumba nzuri hivyo. Duo akasogea. Jina la mumewe lilikuwa pale, jeusi. Pembeni yake palikuwa na wekundu. Safari hii rangi ilikuwa imekauka, akaweka kidole moja kwa moja.

Hakuona tone. Akarudi juu, akashuka tena, kushoto, kulia. Jiwe mahali pale lilikuwa limezama kidogo kama shavu la mtu aliyeng'olewa meno, na lilikuwa jeupe zaidi kuliko kwingine. Limesagwa, likachongwa upya.

"Kang," akasema. "Hapa pameandikwa nini?"

Fundi Kang alikuwa anakunja kamba. Siku hiyo hakuwa na mzaha hata mmoja. "Shemeji, imeandikwa... wa nyumba ya Xue, kutoka ukoo wa Qiu."

"Na jina?"

"Ndiyo hivyo. Mawe mengi ya wanawake yako hivyo."

"Nani alikuambia?"

Kang alimtazama Shuanzhu, na Duo hakuhitaji kusikia jibu.

"Mama," Shuanzhu akasema kwa sauti ndogo, "mimi napika kwenye shule ya mjomba. Na mtoto wangu mwezi wa tisa anaanza pale. Ulitaka nifanyeje?"

Alimzaa mwenyewe, akambeba kwa mgongo ule ule uliombeba mjomba wake. Watu walikuwa wameanza kuangaliana, na shangazi mmoja wa upande wa Xue akasema haya jamani, tuchome karatasi, mvua isije ikatushinda. Wakapiga magoti. Pesa za karatasi zikawashwa, na nguo za karatasi, na kipakiti cha sigara za kweli maana Mancang alikuwa hawezi bila sigara. Kila kinachochomwa hapo kinamfikia. Hilo hata mtoto mdogo wa Shigou analijua.

Ndipo Duo akatia mkono kifuani, akatoa karatasi nyekundu. Hakuwa amepanga. Alikuwa ameileta tu, kama alivyoileta kila mwaka. Aliikunjua juu ya moto, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na mwenzake chumba cha pili:

"Baba Shuanzhu, jiwe limekataa, basi pokea hii. Qiu Runze, ndiye atakayekuja. Akija mwingine na jina jingine usimfungulie. Mngoje huyu."

Akaiachia. Karatasi ilikuwa kavu ya miaka hamsini na minne, ikashika pembeni.

"Dada!"

Runze alikuwa amepiga hatua mbili, uso mweupe kama unga. Mkono wake ulikuwa juu ya moto lakini haukuthubutu kushuka. "Dada, toa! Ni jina langu hilo! Unawaambia wafu waje wanichukue mimi!"

Watu wakamgeukia. Hata yeye mwenyewe alisikia alichosema.

Duo aliinua macho. "Si karatasi na wino tu?"

Herufi ya kwanza ilikuwa inaanza kujikunja. Matone yalionekana vizuri zaidi kwenye mwanga, meusi, yanang'aa.

"Kama ni lako, litakuita wewe," Duo akasema. "Kama si lako, waambie. Wanasikia hapa. Waambie haraka."

Na mkuu wa shule ya tarafa akaanguka magotini kwenye udongo uliolowa, miwani imejaa manyunyu, akasema mbele ya wanaume wanane na ukoo mzima wa Xue, akiuambia moto: "Jina hilo ni la dada yangu. Mwalimu Shang alimpa yeye. Mimi nilipewa baadaye, bibi alimwondolea akanipa mimi. Si langu. Mancang, shemeji yangu, sikia, si langu, ni la dada, ni la dada."

Aliyarudia mpaka karatasi ikawa jivu, na hata jivu lilipopeperuka bado midomo yake ilikuwa inachezacheza.

Duo alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka arobaini na minane. Alidhani yakija yatakuwa kama kunywa maji. Lakini ndugu yake hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anautazama moto, anatetemeka mabega, kama katoto kale kakavu kalikokataa ziwa, na Duo akakumbuka uzito wake mgongoni wakipanda kutoka kisimani, joto la mkojo wake likishuka kiunoni mwake wakati wa baridi. Hakuwa ameyasema kwa ajili yake. Aliogopa kufa, basi.

"Inuka," akamwambia. "Suruali yako inachafuka."

Watu wakamwaga pombe chini, wakagawana matunda yaliyowekwa kaburini, wakaanza kushuka mmoja mmoja wakishika vichaka. Shuanzhu alitaka kumshika mama yake mkono, mama akauondoa, akashuka peke yake, mbele ya wote. Mvua ilikuwa imezidi, ile ya taratibu, inayoingia ardhini mpaka kwenye mizizi.

Alikuwa amefika katikati ya mteremko mke wa nduguye aliposimama kule barabarani karibu na gari, mikono kinywani, akaita juu kwa sauti kubwa:

"Runze! Runze, njoo!"

Duo akaharakisha hatua. Alikwenda kama hatua nne, tano, kabla miguu yake haijakumbuka.